Dawa Isiyoguswa kwa Mkono

Gisenyi, 4 Juni 2023

Yaya Kabatesi,

Yambo sana, dada yangu mukubwa. Hapa kwetu tuko salama, Mungu ashukuriwe. Niko nakuandikia kwa karatasi juu simu yetu iko na kaka yako Bahizi siku muzima kwa moto yake, ile pikipiki ya abiria, na ukituma sauti, wale mamotari wote wa pale stendi wanasikiliza pamoja naye. Maneno ya mutoto wangu haiko redio. Donc nitakuwa natuma bahasha na shofere wa bisi ya Kigali, na we unijibu kwa njia ile ile. We ulisomea Tanzania, Kiswahili yako imenyooka. Mi nilisomea Goma mpaka ya sita tu. Utanisamehe.

Cyuzuzo amefika? Alipopanda bisi kwa mikono ya baba yake hakunililia. Alikuwa anaangalia dirisha. Mi njo nililia.

Bon, nikueleze mutoto, juu we ulimuona kwa ubatizo tu. Ngozi yake inawaka kwa mikunjo ya mikono, nyuma ya magoti na chini ya shingo. Ilianza akiwa bado mudogo ananyonya. Kituo cha afya walisema ni upele, wakanipa dawa ya upele, ikawaka zaidi. Tangu pale mi namupeleka kwa amashyuza, ile maji ya moto inatoka chini ya ardhi huku kando ya ziwa, kila mutu wa Gisenyi anajua inaponyesha ngozi. Inamutuliza kidogo, kisha anajikwangua tena mpaka damu. Akilala umuvalishe soksi kwa mikono, ile ya manjano, nimeiweka kwa mufuko pamoja na sabuni yake na mafuta yake ya harufu. Hapendi kushikwa kichwa. Akiwashwa sana, umuwekee mudomo kwa tumbo na upulize kwa nguvu. Anacheka, anasahau kujikwangua. Ile usifanye, ile ni ya mi na yeye.

Hapana. Akiwashwa, fanya.

Bahizi ananiambia ule muganga wako wa vidonge tamu alimuponyesha jirani yako mwenye ngozi ilikuwa kama magamba ya samaki. Mi naamini. Niko vile, naamini kila kitu, wakiniambia dawa iko juu ya volkano nitapanda na mutoto kwa mugongo. Lakini ulisema mwezi moja. Jirani yangu Mukankusi ananiambia, "Uwineza, mutoto anaachishwa ziwa, haachishwi mama." Nimemuambia anyamaze, yeye na mudomo yake.

Mi wako,
Uwineza, mama ya Cyuzuzo


Kigali, 15 Juni 2023

Wifi yangu Uwineza,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, tena ina harufu ya samaki, nadhani dereva aliiweka pamoja na vifurushi vya samaki wadogo, sambaza. Mtoto hajambo. Anakula, anacheza na masufuria yangu, na jana ameficha kiatu cha mume wangu Kabera ndani ya ndoo ya unga. Kabera mwenyewe yuko misheni ya jeshi nje ya nchi, angemkuta angemwita afande.

Tumekwenda kwa Madamu Mukarugwiza, yule mganga wa vidonge vitamu. Nilidhani atamvua mtoto nguo na kumpaka kitu. Wapi! Hakumgusa hata kidogo. Alimwangalia tu, kisha akanigeukia mimi, akaanza kuuliza. Mtoto analala ubavu gani? Anaogopa nini, mbwa au ngurumo? Anapenda chumvi au sukari? Akilia anataka kubebwa au kuachwa? Nikajibu nilichojua. Halafu akasema, "Sasa wewe, mama. Ulipokuwa na mimba yake ulitamani kula nini? Ulikuwa unaogopa nini? Kuna uchungu wowote uliokupata, au hasira uliyoimeza?"

Alidhani mimi ndiye niliyemzaa. Foleni ilikuwa mpaka nje, mtoto amenilalia begani, sikumkatiza. Nikasema nitakumbuka na kumletea majibu. Kwa hiyo nakuuliza wewe, na unijibu yote, kwani dawa yao huchaguliwa kwa majibu hayo. Anasema watu wawili wenye ngozi ya aina moja wanaweza kupewa dawa mbili tofauti, kila mtu kwa moyo wake.

Masharti yake ni haya. Vidonge havishikwi kwa mkono, unavidondosha kwenye kifuniko kisha moja kwa moja chini ya ulimi. Kahawa isimkaribie, wala dawa ya meno ya mnanaa. Chochote chenye harufu kinaua nguvu ya dawa, kwa hiyo ile sabuni na yale mafuta uliyomfungia nimeyaweka juu ya kabati. Anaoga maji ya vuguvugu, napaka mafuta ya mgando yasiyonukia. Pomadi za hospitali amezikataza kabisa, anasema zinausukuma ugonjwa ndani.

Ule mchezo wa tumbo nimeufanya. Anacheka kweli.

Wifi yako,
Kabatesi


Gisenyi, 22 Juni 2023

Yaya Kabatesi,

Nimesoma barua yako mara nyingi, mpaka Mukankusi akaniuliza kama ni ya mwanaume.

Foleni haikatazi mutu kusema "mi ni shangazi." Ni neno moja, yaya, hata mutu mwenye haraka analisema. Bon, naacha. Umefanya kazi kubwa, aksanti.

Hii maswali, hakuna mutu amewahi kuniuliza. Kituo cha afya wanauliza jina, umri, mutu mwingine aingie. Bahizi anauliza "umepika?" Sasa ule Madamu anataka kujua mi niliogopa nini, halafu maswali inapita kwa mudomo yako, na majibu itapita kwa masikio yako. Angalia maneno hii.

Majibu njo haya. Nilitamani machungwa. Sikuogopa kitu. Sikulia. Sikuwa na uchungu na sikuwa na hasira na mutu yeyote, nilikuwa na furaha tu, nilikuwa nalala vizuri kama mutoto. Umuambie vile.

Na ile sabuni ni muzuri, ya waridi, niliinunua hapa muji kwa mama mwenye vitu vya Goma. Lakini kama inaua dawa, acha ikae kwa kabati.

Mwezi inaisha lini kwako? Kwangu imekaribia kuisha.

Uwineza


Kigali, 30 Julai 2023

Wifi yangu,

Najua nimechelewa, na najua ulimtuma Bahizi anipigie na sikupokea. Ukweli ni kwamba baada ya vidonge vya kwanza mtoto alizidiwa. Madamu Mukarugwiza alikuwa amenionya, anasema ugonjwa lazima kwanza utoke nje ndipo uondoke. Basi ulitoka. Sikutaka kukuandikia ukiwa mbali ukakosa usingizi bure.

Lakini sasa, Uwineza, ungemwona! Mikunjo ya mikono imelainika kama yai lililomenywa. Shingo imetulia. Ile soksi ya manjano sasa ni kofia ya mwanasesere. Nimemtumia Bahizi picha, mwambie akuonyeshe.

Madamu anasema tiba ya namna hii haikatizwi katikati, ukiikatiza inarudi na ndugu zake. Anashauri tuendelee hadi Desemba. Nimekubali kwa niaba yenu, maana nilijua ungekubali.

Jambo moja nikwambie mimi kabla hujalisikia kwa wengine. Ameanza kuniita mama. Usijali, wifi, watoto wa umri huu humwita hata mwuza mkaa mama. Na majirani nao wamezoea, "Mama Cyuzuzo, habari za asubuhi," nami nimechoka kuwasahihisha.

Kabatesi


Gisenyi, 12 Agosti 2023

Yaya,

Picha nimeiona. Bahizi aliionyesha kwanza stendi nzima, mi nikawa wa mwisho. Anarudi nyumbani anaimba, "Dada yangu! Dada yangu ni daktari!" Nikafurahi. Naapa nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaanza kuosha vyombo, na pale kwa vyombo furaha ikaniacha.

Juu niliangalia mikono yangu. We unajua kazi yangu, nasuka nywele za watu pale soko, siku nzima mikono iko kwa mafuta na dawa za nywele. Nikanusa vidole. Nikasema, ni hii? Mutoto alikuwa anawaka kwa mikono yangu, amefika kwa mikono ya mutu mwingine akazimika. Sasa we uniambie, muzazi anafikiri nini na maneno kama hii?

Mukankusi naye akaingia bila kubisha, anasema, "Mama we! Ulimutuma na ugonjwa, utarudishiwa afya bila mutoto." Nikamufukuza na mwiko. Alicheka mpaka kwake.

Yaya, mwuza mkaa anaitwa mama na watoto, ndiyo, lakini mwuza mkaa haitiki. We unaitika? Hiyo njo kitu nataka kujua.

Wakati naandika hii, mwanaume anapita na moto anapiga honi na nafikiri ni Bahizi amemuleta. Kila honi. Na hapa Gisenyi moto ni nyingi kuliko watu.

Noël, ile Krismasi, ataifanya kwetu. Hiyo siombi, nasema. Bahizi atakuja kumukamata tarehe ishirini na mbili. Ufunge vidonge zake, nitafuata masharti yote.

Uwineza


Kigali, 4 Januari 2024

Uwineza,

Sijui nianze wapi. Nilikupa mtoto mzima, mwili wake ni safi, analala bila soksi, anacheka. Nimerudishiwa nini? Bahizi amenikabidhi mtoto amefunikwa khanga hadi usoni, na hakutaka hata kuniangalia. Niliifunua. Shingo ni jeraha. Magoti ni jeraha. Ananuka waridi.

Ulimfanyia nini?

Nilikuwekea vidonge, nikakuwekea mafuta yake, nikamweleza Bahizi kila kitu na akaniambia amekueleza. Chupa ya vidonge imerudi nusu tupu. Ulimpa vingapi? Au ulivimwaga?

Bahizi anasema mlirushiana maneno mbele ya mtoto mpaka jirani akaingia kati. Anasema wewe hukutaka apone. Mimi nimemkemea, nikamwambia hakuna mama wa hivyo. Lakini nikikaa peke yangu najiuliza.

Mtoto anabaki hapa. Safari hii sisemi mpaka lini.

Kabatesi


Gisenyi, 14 Januari 2024

Yaya Kabatesi,

Umeniuliza nilimufanyia nini. Nitakuambia yote, na we utaniambia yako, juu we pia uko na yako.

Alipofika alijificha nyuma ya magoti ya baba yake. Nikamuita, akachungulia, akajificha tena, sawa mutoto wa watu anayeona mugeni. Nikapuliza tumbo yake, akaangalia mulango, kama mutu anasema, ule mwingine iko wapi? Mi niliingia jikoni nikauma kitambaa.

Bon. Nikamuosha na sabuni ya waridi. Ile yako iko kwa kabati, nilinunua ingine. Nilitaka anuke kwetu. Vidonge nilimupa, lakini nilivimwaga kwanza hapa kwa kiganja changu, nikamulisha kwa vidole, kusudi. Nilisema dawa gani hii inaogopa mukono ya mama? Vingine vilianguka, kuku ya Mukankusi ilikula, na kuku haina neno hata leo. Halafu nikamubeba mpaka amashyuza. Tuliingia pamoja, maji inachemka chini yetu, wale wamama wa kule wakamukanda mugongo wakasema "shenge, kipenzi, ngozi muzuri namna hii!" Nikasema, ni yangu. Nilitaka kule kwa maji wamalize kumuponyesha, ili mutu aseme shangazi alianza na mama yake alimaliza. Ni hivyo tu nilitaka. Kesho yake akaamka anawaka, na Bahizi aliniita jina siwezi kuandika.

Nilisikia kama ni mi njo ugonjwa.

Sasa sikiliza. Kabla ya kumubeba kumurudisha kwako, Bahizi alikuwa anatafuta khanga ya kumufunika, mi nikachukua kopo ya mafuta nimupake. Cyuzuzo akaacha kulia. Akanyoosha mukono, akakunja kidole, akajigusa pale kwa mukunjo, moja, moja, moja, anasema, "To! To! To!" Halafu goti. "To! To!" Akaniangalia nifanye vile. Mi sikuelewa. Nilifikiri ni mchezo yenu, nikasikia wivu ya ule mchezo pia.

Walipoenda, sikuweza kukaa. Nikarudi kituo cha afya, iko muuguzi mupya, anaitwa Théoneste, kijana mupole. Nikamueleza mutoto bila mutoto. Akauliza sabuni gani, akauliza maji gani. Nilipotaja amashyuza akafunga macho. Anasema, "Mama, ngozi ya huyo mutoto ni kavu, maji ya moto inaikausha zaidi, na harufu inaichokoza. Haikuwa upele. Tena haiko mikono yako, usilie." Nilikuwa nalia. Akatoa tyubu ya pomadi anionyeshe. Akapima kidogo kwa ncha ya kidole, akaweka kwa mukunjo ya mukono yake mwenyewe. To. To. To.

Yaya. Vidonge havishikwi kwa mkono, uliniandikia mwenyewe. Pomadi imekatazwa, uliniandikia mwenyewe. Sasa mutoto wangu alijifunzia wapi zile nukta?

Na kitu ingine. Vidonge vilichaguliwa kwa majibu yangu, sivyo? Majibu yangu yote ilikuwa uongo. Sikutamani machungwa, nilikuwa nakula udongo ya ukuta ya nyumba. Niliogopa kila kitu. Nililia karibu kila siku. Na hasira niliyoimeza, yaya, ilikuwa ya we. We ulikuwa na mimba pamoja na mi, yako ikatoka ikiwa imenyamaza, Bahizi akaja kwako akakaa, akakaa, mi hapa na tumbo kubwa nikichota maji peke yangu. Nilijua uko na kilio. Nilijua! Na bado nilikuwa nahesabu vile anakupenda. Sasa ningejibu aje, na we njo ulikuwa unauliza?

Kama dawa inafuata moyo, ile moyo haikuwa yangu. Na mutoto alipona.

Nini ilimuponyesha?

Uwineza


Kigali, 21 Januari 2024

Uwineza,

Pomadi.

Ile wiki ambayo sikupokea simu, mtoto alipata homa na vidonda vikatoa usaha. Madamu aliniambia nivumilie, ndiyo ugonjwa unatoka. Nikavumilia mpaka nikamwona anajisugua kwenye ukuta wa saruji kama ndama. Nikambeba mbio hospitalini. Daktari wa ngozi akatoa dawa ya usaha na tyubu ya pomadi, akanionyesha kupima kwa ncha ya kidole. Mtoto alipenda, nikawa nasema "to, to" ili atulie. Akaanza kupona hapohapo. Sabuni ya harufu na maji ya moto daktari naye aliyakataza, kama huyo muuguzi wako.

Kwa nini sikukuandikia? Wewe unajua. Pomadi ipo hata Gisenyi. Vidonge vitamu vilikuwa Kigali tu. Ungesoma "pomadi" na kesho yake ungekuwa mlangoni kwangu na kitambaa cha kumbebea. Hata tyubu sikuifunga kwenye mfuko wake wa Noeli, niliogopa utaiona. Kama ningeifunga, asingeungua vile hata kwa hayo maji yenu. Hilo liko juu yangu, na Bahizi nimemwambia, kwa sauti, asikilize na stendi nzima.

Majibu yako sikuyasema. Nilipofika kwa Madamu Mukarugwiza na karatasi yako mkononi, akaniuliza tena, "Mama, ulipokuwa na mimba, kuna uchungu uliokupata?" Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi pia. Kabera alisema Mungu atatoa mwingine, akapanda ndege. Wifi, nilifungua mdomo nikasema yangu yote. Nikamwambia nilitamani maembe mabichi yenye chumvi, nilimwambia jinsi kulivyokuwa kimya baada ya kuzaa. Alinisikiliza mpaka wagonjwa wa nje wakaanza kugonga. Kisha akachagua dawa. Vile vidonge vilikuwa vyangu tangu mwanzo. Cyuzuzo alikuwa anavinyonya kama peremende tu.

Kwa hiyo uongo wako haukumdhuru mtu, wifi. Uliniumiza ukweli wako, lakini nimeusoma nikaurudia. Nami nilikuwa nakuhesabu. Nilijua ulipojifungua, nilijua alipokaa, alipotambaa. Siku ya ubatizo nilimbeba kidogo sana, watu wakadhani namchukia.

Umeniuliza kama nilikuwa naitika. Nilikuwa naitika.

Jana nimekwenda kumwambia Madamu kwamba mimi ni shangazi. Akasema, "Basi mama yake aje siku moja, nimsikilize." Nimekataa kwa ajili ya ngozi. Kwa ajili ya kusikilizwa, uamuzi ni wako.

Jumamosi namleta mwenyewe.

Kabatesi


Gisenyi, 11 Februari 2024

Yaya Kabatesi,

Uliniwekea mutoto kwa mikono pale gare ya bisi, ukaniambia "pomadi iko mufuko wa pembeni," ukageuka ukapanda bisi ile ile iliyokuleta. Hata maji hukunywa. Shofere alishangaa, anasema, ule mama anapenda barabara. Mi nilisimama na mutoto nikakosa kukuita, juu sikujua nikuite nani mbele yake.

Cyuzuzo anaendelea muzuri. Maji ya vuguvugu. Mafuta bila harufu. Mikono yangu naiosha na sabuni ya kawaida nikitoka soko, ndipo namugusa. Kwa amashyuza tunapita mbali, wamama wanatuita, mi napunga mukono tu. Théoneste amemuona, anasema huu ugonjwa unaweza kurudi rudi, haimaanishi mutu amekosa, tusiogope. Pomadi kidogo ukirudi, ukilala tuache. Bahizi ananunua mwenyewe mafuta, anauliza duka nzima, "Haina harufu? Unusie mbele yangu!" Mukankusi anasema tumekuwa wazungu.

Lakini kuna kitu. Nikimuwekea pomadi, mi naweka vizuri, vile ulivyomufundisha, to, to, to. Yeye anaangalia kidole, halafu anaangalia mulango. Anasema, "Tesi?" Sio mama. Amekutafutia jina yako mwenyewe, sijui alilipata wapi. "Tesi?" Na mi wivu inanipanda, ile ile, haijapona hata kidogo. Nikafikiri nitanyamaza, atasahau, watoto wanasahau.

Halafu nikakumbuka ule mutoto wako hakupata hata muda ya kukuita.

Donc nimemujibu. Nimemuambia, "Tesi anakuja Pasaka." Sasa nimekwisha kumuambia, na we unamujua, hasahau kiatu, hasahau ndoo. Ukikosa kuja, uongo itakuwa yangu tena.

Nitakuwa na wivu, nakuambia mapema. Utamubeba, nitakuwa naangalia. Utapuliza tumbo, nitatoka nje kidogo nijifanye naanika nguo. Kuja vile vile. Mi na we tutakaa, na we utaniuliza yale maswali yote upya, polepole, hakuna foleni, na mi nitakuuliza yako. Udongo ya ukuta nitakuonyesha pale nilipochimba.

Soksi ya manjano nimeona moja tu kwa mufuko. Nimetafuta mpaka nikakumbuka kofia ya mwanasesere. Usiitume na shofere. Ulete mwenyewe.

Wifi yako,
Uwineza